Ngozi nyeusi isinyimwe tiba ya mwanga

SWALI: Daktari, nina mabaka magumu tumboni na pajani. Nimeambiwa ni mofea. Nasikia kuna tiba ya mwanga, lakini wengine wanasema kwa weusi wetu haisaidii. Ni kweli? – Msomaji, Tanga

JIBU: Si kweli, ingawa hoja yao ina msingi. Katika mofea, ngozi hutengeneza kolajeni kupita kiasi. Baka hukakamaa, hung'aa, na ukilifinya halikunjiki. Mwanga unaotumika zaidi ni UVA1, mionzi ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa nanomita 340 hadi 400. Huzama ndani kuliko UVB na kuamsha vimeng'enya vinavyovunja kolajeni hiyo. Melanini, inayotupa weusi wetu, hunasa sehemu ya mionzi hiyo njiani. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kwamba ngozi ikiwa na rangi nzito zaidi, vimeng'enya huamka kwa kiasi kidogo zaidi. Wasiwasi huo, basi, haukuzuka hewani.

Lakini kupungua kwa nguvu si kukosa nguvu. Mwaka huohuo, madaktari wa Texas walichapisha tathmini ya wagonjwa 101 waliotibiwa kwa UVA1, wenye ngozi kuanzia nyeupe kabisa hadi ya kahawia iliyokolea. Wenye rangi nzito walipata nafuu kama wenzao. Ni kweli kwamba ngozi nyeusi kabisa, aina ya sita katika vipimo vya madaktari, haikuwemo. Pengo hilo linatudai utafiti zaidi na uangalizi wa karibu wa kipimo cha mwanga. Halimpi mtu ruhusa ya kukuambia haiwezekani.

Utauliza: jua la Tanga si linatosha? Hapana. Jua huchanganya UVA na UVB inayounguza, na hakuna anayepima umepata kiasi gani. Tena mwanga una mipaka: ugonjwa ukizama hadi kwenye misuli au ukivuka kiungo, dawa kama methotreksati hutangulia. Mabaka pia yanaweza kubaki na weusi hata yakilainika, kwa hiyo pima mafanikio kwa ulaini, usipime kwa rangi.

Muone daktari wa ngozi mapema, mabaka yangali yanakua, kwani kovu la zamani hulegea kwa shida. Mashine za UVA1 ni chache. Muulize kama ipo inayofikika, au kama aina nyingine ya mwanga itakufaa. Akikukatalia, akupe sababu inayotokana na ugonjwa wako. Weusi peke yake si sababu.