MOMBASA HADI DAR ES SALAAM KWA GARI: SOMO LA KUPANGA SAFARI

Katika makala haya nataka tujifunze namna ya kupanga safari ndefu ya barabarani. Najua wengine mtacheka na kusema, "Safari nayo hupangwa? Si ni kutia nguo mkobani na kuingia garini?" Hata mimi nilifikiri hivyo, mpaka mwezi wa Novemba 2024.

Usiku mmoja wa mwezi huo tulipigiwa simu kutoka Dar es Salaam. Kakake nyanya yangu alikuwa amefariki, na mazishi yangekuwa kesho yake baada ya sala ya alasiri. Nyanya hakulia. Alisema tu, "Nataka nimwone uso kabla hajatolewa nyumbani." Mjomba akaenda kuazima gari kwa rafikiye, nami nikaambiwa nitazame njia kwa kuwa ndiye msomi wa nyumba. Nilichukua atlasi yangu ya shule na rula. Nikapima kutoka Mombasa hadi Dar es Salaam, nikazidisha kwa kipimo cha ramani, nikapata kilomita 310 hivi. Nikatangaza kwa fahari, "Saa nne tu, mjomba. Tukitoka saa moja, saa tano tuko msibani."

Ndugu msomaji, hesabu yangu haikuwa na kosa hata moja. Kosa lilikuwa katika swali. Kilomita 310 ni njia ya kunguru, na sisi tulikuwa tunakwenda kwa Toyota.

Hebu fungua ramani. Mombasa iko pwani, Tanga iko pwani, Dar es Salaam iko pwani. Mtu hudhani barabara nayo hufuata bahari. La hasha! Kutoka Mombasa unashuka Ukunda, Msambweni, hadi Lunga Lunga mpakani, karibu kilomita 100. Ukivuka Horohoro ni kilomita 65 hivi hadi Tanga. Hapo barabara kuu huipa bahari mgongo. Inakwenda magharibi, kupitia Muheza, hadi Segera, zaidi ya kilomita 70. Segera ni njia panda: kulia ni Korogwe, Moshi na Arusha, kushoto ni kusini kuelekea Chalinze, karibu kilomita 170. Chalinze ni njia panda nyingine: kulia ni Morogoro, kushoto ni Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 100 tena. Jumlisha mwenyewe. Utapata kama 510.

Kwa nini barabara izunguke hivyo? Kati ya Tanga na Bagamoyo kuna mto Pangani na mto Wami, na katikati yake iko mbuga ya Saadani, ambako wanyama hufika mpaka ufuoni. Barabara ya lami ya kufuata pwani hiyo kupitia Pangani imekuwa ikijengwa kwa vipande, lakini magari ya safari ndefu yamezoea kuzunguka Segera. Rula haijui mito.

Sasa nirudi kwenye siku yetu ile. Tulitoka Majengo saa moja asubuhi, tukakuta foleni ya feri pale Likoni. Kila anayefanya kazi mjini alikuwa barabarani. Zaidi ya saa moja ikaenda tukiutazama mkono wa bahari ambao hata mtoto angeweza kuuogelea. Mvua za vuli nazo zilikuwa zinanyesha. Tukafika mpakani saa nne na nusu.

Pale mpakani ndipo tulipofundishwa adabu, na sisemi kwa kulaumu mtu, maana maofisa walikuwa na haki. Kwanza, gari halikuwa la mjomba na hatukuwa na barua ya mwenyewe ya kuturuhusu kulivusha. Tukapiga simu, tukangoja barua itumwe, ipigwe chapa, iletwe. Pili, kulikuwa na jambo la kadi ya manjano. Ofisa aliuliza, "Kadi za manjano mnazo?" Mjomba akajibu kwa ujasiri, "Tunazo!" akatoa karatasi ya bima. Kumbe kuna kadi mbili za manjano! Moja ni ya gari, ile bima ya COMESA inayotumika ng'ambo ya mpaka. Nyingine ni ya mtu, inayoonyesha kwamba umechanjwa homa ya manjano. Mimi, mjomba na nyanya tulikuwa nazo kutokana na safari ya zamani. Binamu yangu hakuwa nayo. Alishushiwa mkoba wake, akapanda matatu kurudi Mombasa, naye ndiye aliyekuwa amchukue nyanya mkono akichoka.

Tulivuka saa saba mchana. Tulikuwa Muheza wakati wa alasiri. Nyanya alimwambia mjomba asimamishe gari, akaswali kando ya barabara kwenye mkeka, akarudi kuketi. Hakuna aliyesema neno hadi Chalinze. Tulifika Dar es Salaam saa nne za usiku. Matanga yalikuwa yanaendelea, lakini nduguye alikuwa kaburini tangu mchana. Nyanya alishika fremu ya mlango kwa muda, kisha akaingia ndani kwa wanawake. Mimi nilibaki nje na atlasi yangu mkobani. Wallahi, sijawahi kuchukia kitabu kama nilivyokichukia kile.

Baada ya siku chache tulirejea. Mjomba akaniambia, "Arobaini ni katikati ya Desemba. Safari hii utapanga tena wewe. Lakini panga." Basi, haya ndiyo niliyojifunza, na mwalimu wetu wa hesabu alinisaidia kidogo.

Jambo la kwanza: hesabu kwa saa, usihesabu kwa kilomita, na mwendo wa wastani usiukisie. Wengi hudhani kuwa ukienda nusu ya njia kwa mwendo wa 80 na nusu kwa 50, wastani ni 65. Jaribu. Kilomita 80 kwa mwendo wa 80 ni saa 1. Kilomita 80 kwa mwendo wa 50 ni saa 1 na dakika 36. Umekwenda kilomita 160 kwa saa 2 na dakika 36, yaani wastani haufiki hata 62. Mwendo wa polepole hula muda mwingi kuliko unavyodhani. Na upande wa Tanzania, kila kijiji kina kibao cha 50, matuta, na askari wa trafiki chini ya mwembe. Nikachukua 60 kuwa wastani wetu. Kilomita 510 gawanya kwa 60: saa 8 na nusu za magurudumu kuzunguka. Ongeza saa 2 za mpakani. Ongeza saa 1 na nusu ya kula, kuswali na kunyoosha miguu, maana nyanya ana magoti mabaya. Jumla saa 12. Toka saa nne zangu za mwanzo hadi saa 12! Hapo nilielewa kwa nini tulichelewa. Hata bila mvua na bila feri, tungechelewa tu.

Jambo la pili: anza mwisho urudi mwanzo. Usiulize, "Tutoke saa ngapi?" Uliza kwanza, "Ni lazima tuwe tumefika lini?" Hitima ilikuwa isomwe Ijumaa. Nikasema tufike Alhamisi, ili siku nzima ibaki kama akiba. Na Alhamisi yenyewe tufike kabla ya magharibi, kwa sababu usiku katika barabara ile kuna malori mazito, na mengine huharibika na kusimama njiani bila taa. Ukirudi nyuma saa 12 kutoka saa kumi na moja jioni, unapata saa kumi na moja alfajiri. Nikaandika saa kumi na nusu. Mjomba aliguna, lakini alikubali.

Saa hiyo pia ndiyo iliyoamua suala la feri. Alfajiri Likoni haina msongamano. Kama ungelazimika kutoka mchana, ningekushauri uzunguke kwa barabara ya Dongo Kundu, ambayo inakutoa upande wa kusini bila kuvuka kwa feri. Ni ndefu zaidi kwa mtu wa kisiwani, lakini kilomita zinazotembea ni bora kuliko foleni iliyolala.

Jambo la tatu ni karatasi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu karatasi ndizo zilizomnyima nyanya haki yake. Karatasi nayo ina muda wake wa kuiva. Cheti cha homa ya manjano huanza kutumika siku 10 baada ya sindano. Siku 10! Huwezi kuchanjwa leo ukavuka kesho. Jambo jema ni kwamba tangu 2016 kinatumika maisha yako yote, hivyo ukikipata, kiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa. Binamu yangu nilimpeleka kuchanjwa wiki ile ile tuliyorudi. Kisha pasi. Mkenya anaweza kuingia Uganda au Rwanda kwa kitambulisho, lakini Tanzania huhitaji pasi au hati ya muda ya kusafiria. Sisi tulio chini ya miaka 18 na tunaosafiri bila wazazi ni vyema kubeba barua ya idhini ya mzazi. Kwa gari: kitabu cha umiliki, barua ya mwenye gari ikiwa si lako, ile kadi ya manjano ya pili, na fedha za kulipia kibali cha gari la kigeni. Usisahau kizima moto na zile pembetatu mbili za tahadhari, trafiki huziulizia. Nilitia kila kitu katika faili moja, na faili likapakatwa na nyanya. Yeye hapotezi kitu.

Siku ya safari ilipofika, mpakani tulimaliza kwa saa moja na dakika kumi. Kituo ni cha pamoja, kwa hivyo anayeingia Tanzania hushughulikiwa na nchi zote mbili upande wa Horohoro. Jambo lililotuchelewesha ni Kiswahili chenyewe! Ofisa aliniuliza, "Umebeba nini, kijana?" Nikamjibu, "Sina mzigo, nimemleta nyanya." Akanitazama. "Nyanya kiasi gani?" Nyanya mwenyewe akatoa kichwa dirishani. Ofisa alicheka hadi akafuta machozi, kisha akasema, "Shikamoo, bibi," akatupisha. Wanachama wenzangu, mkifika kule mseme bibi. Nyanya ni tunda la kupikia mchuzi.

Tulipofika karibu na Muheza, penye machungwa mengi ya kuuzwa kando ya njia, dereva wa lori alitupungia mkono na kusema, "Angalieni, kuna tochi mbele!" Nyanya akauliza, "Tochi ya nini na jua lote hili?" Tochi, wasomaji, ni kile chombo cha trafiki cha kupimia mwendo. Mjomba alikuwa kwenye 50 kabla ya kumaliza kucheka. Tulipita salama, na mashamba ya mkonge yakawa yanatusindikiza.

Msidhani mpango mzuri huzuia mabaya. Baada ya Mkata gurudumu la nyuma lilipasuka. Lakini gurudumu la akiba lilikuwa limejazwa upepo Mombasa, kwa sababu lilikuwa kwenye orodha, na tulikuwa bado na dakika hamsini tulizookoa mpakani. Tukaweka pembetatu zetu, binamu akazungusha jeki, nyanya akaketi chini ya mti akimenya chungwa. Dakika arobaini. Tukavuka daraja jipya la Wami. Lile la zamani lilikuwa jembamba, gari moja moja, na madereva walilihofu. Pale Msata mjomba aliuliza kama tukate kushoto kupitia Bagamoyo tukwepe malori ya Chalinze. Hiyo ni njia nzuri ya lami na wengi huipenda. Lakini nyumba ya marehemu ilikuwa upande wa Kimara, na barabara ya Chalinze hupita hapo hapo, nikasema tuendelee. Kwenda Kimara kwa kupitia Bagamoyo ni kuzunguka mbuyu.

Tulifika saa kumi na moja na robo. Jua lilikuwa bado juu. Binamu alimshika nyanya mkono, wakaingia. Nyanya aliomba aonyeshwe chumba cha nduguye. Kulikuwa na kiti cha kamba karibu na dirisha, na kofia ya kitani imetundikwa msumarini. Akaketi kwenye kile kiti, akaipakata ile kofia kama alivyolipakata faili njiani. Tuliswali magharibi, tukaswali isha, tukala, na yeye alikuwa bado pale akizungumza na wifi yake kwa sauti ya chini.

Baadaye aliniita. "Mume wangu," akasema, kama anavyoniita akiwa na furaha, "tunarudi lini?"

Nikamwambia Jumapili, saa kumi na nusu alfajiri.

"Iandike Jumatatu," akasema.

Nikafungua daftari.