Kumtahini Daktari wa Magonjwa ya Akili

Daktari wa kifua huweza kumwonyesha mwenzake picha ya eksirei ili wakubaliane juu ya ugonjwa. Daktari wa magonjwa ya akili hana picha ya namna hiyo, wala skizofrenia haithibitishwi kwa kupima damu. Chombo chake kikuu ni mazungumzo. Je, umahiri wa mazungumzo hutahiniwaje?

Mfano mmoja ni mtihani wa uanachama wa Royal College of Psychiatrists, chuo cha Uingereza kilichotokana na chama cha madaktari kilichoundwa mwaka 1841, kikapewa hadhi yake ya sasa mwaka 1971. Mtihani huo una sehemu tatu.

Sehemu mbili za kwanza ni za nadharia. Kila moja ina maswali 150 ya kuchagua majibu, na hufanywa kwa saa 3. Ya kwanza hupima misingi: utendaji wa ubongo, saikolojia, makuzi ya binadamu na dawa. Kwa mfano, mtahiniwa hana budi kujua kwamba lithiamu hutolewa mwilini na mafigo. Yakidhoofika, dawa hiyo hulimbikana katika damu ikawa sumu. Ya pili hupima magonjwa yenyewe na tiba zake, pamoja na uwezo wa kuhakiki utafiti.

Sehemu ya tatu, iliyoanzishwa mwaka 2008, ni ya vitendo. Haifanyi ila aliyefaulu zile mbili na kufanya kazi katika fani hiyo kwa miezi 24. Mtahiniwa hupitia vituo 16, na wagonjwa huigizwa na waigizaji. Huenda akamkuta mama aliyejifungua karibuni, anayesikia sauti wasizozisikia wengine. Asipouliza sauti hizo zinamwamuru nini juu ya mtoto, amekosa jambo kubwa kuliko jina la ugonjwa. Akiuliza kwa ukali, mama atanyamaza.

Katika mitihani ya awali mtahiniwa alikaa na mgonjwa mmoja halisi kwa saa nzima. Aliyepata mgonjwa msemaji alibahatika kuliko aliyepata mkimya. Wingi wa vituo hupunguza bahati hiyo.

Hata hivyo, kufaulu si kikomo. Kwa kawaida husalia miaka 3 ya mafunzo kabla ya kuitwa bingwa, maana mwigizaji hurejea nyumbani salama baada ya kosa la mtahiniwa. Mgonjwa halisi huenda asirejee.