KAA ANAPOJIVUA GAMBA
Somo la Biolojia kwa shule zilizo kando ya Ziwa Victoria

Katika shule nyingi zilizo karibu na Ziwa Victoria, kaa ni mnyama apatikanaye kwa urahisi kwa ajili ya masomo ya Biolojia. Hujificha chini ya mawe ya ufukweni, katika mianya ya majabali ya Mwanza, na katika kingo za mito midogo iingiayo ziwani. Huyu ni kaa wa maji baridi, wa jenasi iitwayo Potamonautes. Gharama za kumfuga ni ndogo, na wanafunzi humpenda upesi. Lakini ziko siku katika maisha yake ambazo mapenzi hayo huweza kumwua. Hizo ni siku za kujivua gamba.

Mwandishi wa makala haya alijifunza jambo hilo kwa kosa lake mwenyewe. Asubuhi moja wanafunzi wake walimkuta kaa wa darasa amelala ubavu, hatembei, na nyuma ya gamba lake pana ufa mpana. Mmoja wao akadhani kaa amevunjika. Mwalimu, bila kuchunguza zaidi, aliamuru atolewe majini. Gamba lilipovutwa lilitoka pamoja na miguu miwili. Kesho yake kaa alikuwa amekufa, na katika daftari la maabara tukaandika: “Amekufa kwa ugonjwa.” Maneno hayo hayakuwa ya kweli.

KWA NINI KAA HUJIVUA GAMBA?

Mifupa yetu imo ndani ya mwili, nayo hukua pamoja nasi. Kaa hana mifupa ya namna hiyo. Kinachombeba ni gamba la nje, lililojengwa kwa kaitini na kuimarishwa kwa kalsiamu kaboneti. Gamba likishakuwa gumu halitanuki tena. Kwa hiyo kaa hawezi kukua mpaka aliache la zamani na kuvaa jipya.

Kazi hiyo huanza mapema kabla jicho letu halijaona lolote. Katika vishina vya macho yake zimo tezi zinazotoa homoni ya kuzuia kujivua. Homoni hiyo ikipungua, tezi nyingine mwilini hutoa homoni za jamii ya ekdisoni, na matayarisho huanza. Gamba jipya, laini na lenye mikunjo, hujengwa chini ya lile la zamani. Sehemu ya kalsiamu ya gamba la zamani hufyonzwa na kurudishwa mwilini. Hatimaye gamba hupasuka upande wa nyuma, na kaa hutoka kinyumenyume, akichomoa miguu, magando, vishina vya macho, na hata ngozi nyembamba inayofunika matamvua. Utando wa ndani ya tumbo lake la chakula, pamoja na meno yaliyomo humo, nao huachwa.

Akisha kutoka, hufyonza maji na kuvimba, ili gamba jipya litanuke kabla halijakauka. Kwa siku kadhaa mwili wake huwa laini, na magando yake hayana nguvu ya kumkinga. Ziwani humo wamo samaki, fisimaji na ndege wanaomtafuta. Ndiyo sababu hujificha. Tukimfukua mafichoni, tunamwondolea kinga pekee aliyo nayo.

AMEKUFA AU ANAJIVUA?

Swali hili ndilo lililotushinda siku ile. Kaa anayekaribia kujivua aghalabu hupunguza kula, hujificha mchana na usiku, na rangi yake hufifia. Ukikuta kitu kama kaa kimelala kimya, kitazame bila kukigusa. Gamba lililoachwa ni tupu na jepesi, lina uwazi nyuma, na vifuniko vya macho huonekana kama kioo. Kaa mwenyewe huenda yumo chini ya jiwe la jirani. Kaa aliyekufa ni mzito, na baada ya siku moja au mbili hutoa harufu mbaya. Iwapo huna hakika, ngoja. Hasara ya kumngojea maiti siku moja ni kubadilisha maji. Hasara ya kumvuta aliye hai haina dawa.

AKISHASUMBULIWA, TUFANYE NINI?

1. Mrudishe polepole mahali pake, katika maji yale yale. Mwinue kwa kiganja kilicholowa au kwa bakuli. Usimshike kwa miguu wala magando.

2. Usimsaidie kutoka. Viungo vyake bado ni laini na hung’oka pamoja na gamba.

3. Waondoe kaa wengine, maana kaa humla mwenzake aliye laini. Ni salama zaidi kuwahamisha wao kuliko kumhamisha yeye.

4. Funika chombo kwa kitambaa ili kuwe na giza, lakini hewa ipite. Maji yasiwe ya kina kirefu, na pawe na jiwe la kupanda juu ya maji.

5. Ukilazimika kuongeza maji, tumia ya ziwani au ya kisima yenye joto lile lile. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi katika ndoo kwa muda wa siku moja kwanza.

6. Mwachie gamba la zamani. Atalila, na hivyo kurudisha kalsiamu yake. Maji ya Ziwa Victoria yana chumvi chache. Kwa hiyo ongeza pia maganda ya mayai yaliyosagwa, na baadaye dagaa mzima pamoja na mifupa yake.

7. Akipoteza mguu, usimfunge wala kumpaka dawa. Kaa ana mahali maalumu pa kukatikia mguu, ambapo jeraha huziba upesi. Mguu mpya huweza kuota na kujitokeza atakapojivua tena, ukiwa mdogo kwanza.

Huduma hizi saba zina shabaha moja: kumpa kaa utulivu amalize mwenyewe kazi aliyoianza. Kazi hiyo haiwezi kuahirishwa. Akichoka au kushtushwa katikati, huenda akanasa ndani ya gamba lake na kufa.

KAA WA PWANI

Wanafunzi waliotoka Dar es Salaam, Tanga au Unguja watamkumbuka kaa wa nchi kavu aishiye ndani ya kombe la konokono, wa jenasi ya Coenobita. Yeye hujichimbia katika mchanga wenye unyevu, na huweza kukaa humo wiki kadhaa. Watu wengi waliomfuga humfukua wakidhani amekufa. Akifukuliwa, arudishwe katika mchanga wenye unyevu na giza, pamoja na kombe lake na gamba lililoachwa, na azungushiwe kizuizi ili wenzake wasimfikie. Asivutwe kamwe kutoka katika kombe, maana tumbo lake ni laini wakati wote. Awekewe pia makombe makubwa zaidi ya kuchagua, maji baridi, na maji ya bahari. Hata yule kaa mkubwa wa minazi, Birgus latro, ambaye yuko katika kisiwa cha Chumbe karibu na Unguja, hujificha ardhini wakati wa kujivua.

FAIDA YA GAMBA LILILOACHWA

Kaa akila sehemu tu ya gamba, lililobaki ni kifaa bora cha kufundishia. Pima upana wake, kisha umpime kaa mwenyewe wiki kadhaa baadaye, akishakuwa mgumu. Tuchukulie gamba la zamani lina upana wa milimita 40 na jipya milimita 46. Ongezeko ni milimita 6. Ukigawanya kwa 40 na kuzidisha kwa 100, unapata asilimia 15.

Tazama pia kilichoshikamana na gamba. Mwaka 1950 watafiti van Someren na McMahon walitangaza kwamba nchini Kenya wamewakuta mabuu wa inzi mdogo mweusi, Simulium neavei, wakiwa juu ya kaa wa mitoni. Inzi huyo hueneza usubi, yaani upofu wa mtoni, na kabla ya hapo haikujulikana mabuu wake wanakaa wapi. Jibu lilikuwa juu ya gamba la kaa.

TAHADHARI

Usikanyage maji ya ufukweni bila viatu virefu vya mpira, maana kichocho kimeenea kando ya ziwa. Wala usifike penye mamba. Usichukue kaa katika Hifadhi za Taifa za Saanane na Rubondo. Jike aliyebeba mayai au watoto chini ya tumbo aachwe. Kaa wa maji baridi huzaa wachache kuliko kaa wa baharini, na watoto wake hutoka katika mayai wakiwa tayari na umbo la kaa, kisha hubaki kwa mama yao kwa muda.

Daftari letu la maabara tulilirekebisha. Maneno ya kwanza hatukuyafuta, tuliyapiga mstari mmoja ili yaendelee kusomeka, na chini yake tukaandika: “Alikuwa akijivua gamba. Tulimvuta.” Kaa aliyefuata alikaa siku tisa chini ya kitambaa bila mtu kumfunua. Siku ya kumi alitoka mwenyewe kutafuta chakula.

MASWALI

1. Eleza kwa nini kaa hukua kwa vipindi, ilhali binadamu hukua mfululizo.

2. Kwa nini kaa laini hufyonza maji mara tu anapotoka katika gamba?

3. Darasa moja limemkuta kaa wake hatembei. Taja mambo matatu ya kutazama bila kumgusa.

4. Gamba la zamani lina upana wa milimita 35, na jipya milimita 42. Tafuta ongezeko kwa asilimia.

5. Jadilini: kuna faida gani kuliacha kosa lisomeke katika daftari la maabara?