Kutafuta kwa Neno na Kutafuta kwa Dhana

Mtoto mwenye homa kali akikakamaa na kushtukashtuka mwili, watu wengi husema ana degedege. Sababu moja kubwa ya hali hiyo ni malaria kali. Chukulia kwamba mwalimu anaandika neno "degedege" katika kompyuta yenye makala nyingi za afya. Makala bora kuliko zote inaeleza malaria kali ya watoto, lakini neno degedege halimo. Je, kompyuta itaileta?

Kutafuta kwa neno

Katika njia hii kompyuta hulinganisha herufi kwa herufi. Makala isiyo na neno lililotakiwa huachwa, hata kama ndiyo yenye jibu. Hapa pana kasoro mbili. Kwanza, kitu kimoja huwa na majina mengi. Mwaka 1987 George Furnas na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba watu wawili wakitakiwa kukitaja kitu kimoja, huchagua jina lilelile chini ya mara 20 katika 100. Pili, neno moja huwa na maana nyingi: atafutaye habari za mbuzi wa kufuga huletewa pia mbuzi ya kukunia nazi.

Kutafuta kwa dhana

Wakutubi walianza kuitatua shida hii kwa mkono. Mwaka 1960 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilichapisha orodha ya vichwa vya tiba, ambamo majina mbalimbali ya ugonjwa mmoja huwekwa chini ya kichwa kimoja.

Mwaka 1990 Scott Deerwester, Furnas na wenzao walieleza njia ya hesabu. Msingi wake ni kwamba maneno yenye maana za karibu huandamana na maneno yaleyale. Katika mfano huu wa kubuni, imehesabiwa ni mara ngapi kila neno limeandamana na "homa", "mtoto" na "nazi":

degedege (4, 3, 0)
malaria (3, 4, 0)
uji (0, 3, 4)

Kila safu ni vekta yenye urefu wa 5. Kosaini ya pembe kati ya degedege na malaria ni (12 + 12 + 0) ÷ 25 = 0.96; kati ya degedege na uji ni 9 ÷ 25 = 0.36. Kosaini ikikaribia 1, maana hukaribiana. Kwa hiyo makala ya malaria italetwa. Kazi halisi huhitaji maelfu ya maneno, lakini kanuni ni hiyo.

Tahadhari

Ukaribu si usawa. Klorokwini na kwinini zote ni dawa za malaria, na vekta zao hukaribiana. Lakini kipimo cha dawa moja si kipimo cha nyingine. Atafutaye jina maalumu la dawa na atumie neno lenyewe. Atafutaye maelezo ya jambo na atumie dhana.

Zoezi: Tafuta kosaini ya pembe kati ya malaria na uji. Ni neno gani katika safu hizo linaloyakaribisha maneno hayo mawili?