Pombe Moja, Miili Tofauti: Namna Urithi Unavyoongoza Mwitikio wa Mwili kwa Kilevi

Watu wawili wakinywa kiasi kilekile cha pombe, kwa wakati uleule, miili yao haiitikii kwa namna moja. Mmoja atahisi uso unawaka, moyo unakwenda mbio na tumbo linachafuka kabla ya kumaliza glasi ya kwanza. Mwingine atakunywa chupa kadhaa na kuinuka akitembea wima, kana kwamba amekunywa maji. Katika jamii zetu, yule wa kwanza huchekwa na kuambiwa ajizoeze. Wa pili husifiwa kuwa mtu wa nguvu. Somo hili linakusudia kuonyesha kwamba tafsiri hiyo imegeuza mambo juu chini. Anayeumizwa na glasi moja amepewa onyo na mwili wake, ilhali asiyehisi kitu amenyimwa onyo hilo, na hatari yake ni kubwa zaidi.

Safari ya pombe mwilini

Pombe ikishamezwa, sehemu ndogo hunyonywa tumboni na sehemu kubwa hunyonywa katika utumbo mwembamba. Kutoka hapo huingia katika damu na kusambaa mwili mzima, hata kwenye ubongo. Kazi ya kuiondoa hufanywa zaidi na ini, kwa hatua mbili kuu.

Katika hatua ya kwanza, kimeng'enya kiitwacho ADH huigeuza pombe kuwa asetaldehaidi. Hii ni sumu. Ndiyo inayotanua mishipa ya damu usoni, kuuharakisha moyo na kuleta kichefuchefu. Aidha, huharibu vinasaba ndani ya chembe hai, na asetaldehaidi itokanayo na unywaji wa pombe imeorodheshwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu.

Katika hatua ya pili, kimeng'enya kingine, ALDH2, huigeuza sumu hiyo kuwa asetati, kitu ambacho mwili hukitumia na kukiondoa bila taabu. Kwa hiyo, mnywaji atajihisi vipi hutegemea sana uwiano wa hatua hizi mbili. Ya kwanza ikienda kasi na ya pili ikichelewa, sumu hurundikana.

Jeni zinaingiaje?

Kila kimeng'enya hutengenezwa kwa kufuata maelekezo ya jeni, yaani kipande cha urithi tunachopokea kwa wazazi wetu, nakala moja kwa mama na nyingine kwa baba. Tofauti ndogo katika maelekezo hayo yaweza kubadili kazi ya kimeng'enya kizima.

Mfano uliochunguzwa kuliko yote unatoka Asia ya Mashariki. Kwa wengi nchini Japani, China na Korea, jeni ya ALDH2 ina badiliko moja tu, nalo linatosha kukifanya kimeng'enya hicho kishindwe kazi. Inakadiriwa kuwa watu zaidi ya milioni 500 duniani wana badiliko hilo. Aliyerithi nakala moja huhisi uso kuwaka na moyo kwenda mbio baada ya kunywa kidogo. Aliyerithi nakala mbili huugua kiasi kwamba ni nadra sana kumkuta akiwa mlevi.

Katika Afrika badiliko hilo ni adimu mno. Hata hivyo, baadhi ya watu wenye asili ya Afrika wana aina ya jeni ya ADH inayoiharakisha hatua ya kwanza, na aina hiyo imehusishwa na uwezekano mdogo wa kuwa mtumwa wa pombe. Basi nasi hatufanani. Watoto wa nyumba moja wanaweza kurithi nakala tofauti, na kaka akavumilia kile kinachomlaza dada yake. Jinsia nayo ina sehemu yake: mwili wa mwanamke kwa kawaida huwa na maji machache kuliko wa mwanamume wa uzito uleule, hivyo kiasi kilekile cha pombe huwa kikali zaidi katika damu yake.

Dawa iliyofanana na urithi

Mwaka 1948, watafiti wawili wa Denmark, Jens Hald na Erik Jacobsen, walitangaza matokeo ya dawa iitwayo disulfiramu. Waliokuwa wamemeza dawa hiyo, wakinywa pombe hata kidogo, waliiva uso, wakatapika na kuhisi moyo kudunda. Dawa hiyo huzuia ALDH2, na hivyo humfanya mnywaji yeyote aitikie kama mtu aliyerithi kimeng'enya kilicholegea. Hadi leo hutumika, chini ya uangalizi wa daktari, kuwasaidia wanaotaka kuacha.

Hapa lipo funzo la kila siku. Kwa mtu aliyekuwa akinywa bila shida, mwitikio mkali wa ghafla waweza kutokana na dawa anayotumia, wala si urithi. Wagonjwa wanaopewa metronidazoli katika zahanati, wengi wakiijua kwa jina la Flagyl, huonywa wasiguse pombe kwa sababu hiyo. Mweleze mhudumu ukweli kuhusu unywaji wako kabla ya kupokea dawa yoyote.

Hatari ya kutohisi kitu

Mtafiti wa Marekani Marc Schuckit aliwapima vijana wa kiume wa umri wa takriban miaka 20, baadhi yao wakiwa wana wa baba walevi, kuona jinsi pombe inavyowaathiri. Kisha akawafuatilia kwa karibu miaka kumi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba, miongoni mwa wana wa walevi, zaidi ya nusu ya wale ambao pombe haikuwaathiri sana ujanani walikuwa wamekwisha kuwa walevi. Kwa wale walioathirika haraka, ni takriban mmoja kati ya saba.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Asiyehisi kulewa huongeza chupa ili afikie pale wenzake walipo. Ini lake hupokea mzigo wote, shinikizo la damu hupanda, na mazoea hukomaa kabla hajashtuka. Ustahimilivu wake upo katika hisia tu. Viungo vyake vinaendelea kuumia kimyakimya.

Hata kasi ya kuondoa pombe si kubwa kama wengi wanavyodhani. Chupa moja ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe, na mwili wa mtu wa kawaida huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Dereva wa bodaboda aliyekunywa chupa tatu kuanzia saa 3 usiku anaweza kuamka saa 11 alfajiri pombe ingali katika damu yake, hata akijiona mzima. Kahawa, supu na maji baridi haviiharakishi kazi ya ini.

Kujizoeza ni kuunyamazisha mwili

Wapo wanaohisi vibaya wakinywa, lakini hujilazimisha mpaka dalili zipungue. Nchini Japani, wenye nakala moja ya jeni dhaifu walikuwa asilimia 2.5 tu ya walevi waliochunguzwa mwaka 1979. Mwaka 1986 walifikia asilimia 8, na mwaka 1992 asilimia 13. Jeni za taifa hazibadiliki katika miaka 13. Kilichobadilika ni desturi za unywaji na msukumo wa wenzi. Watu hao walipozoea kunywa, hatari yao ya saratani ya umio iliongezeka kuliko ya wanywaji wengine, kwani sumu iliendelea kurundikana ijapokuwa hawakuihisi tena.

Saratani ya umio si ngeni kwetu. Ukanda unaoanzia Ethiopia na Kenya, ukapita Tanzania hadi Malawi na kusini zaidi, unajulikana kwa wingi wa ugonjwa huo. Visababishi vyake ni vingi, tumbaku na pombe vikiwamo.

Takwimu za Japani zinatufundisha jambo la pili: urithi si hukumu. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti za watu katika hatari ya ulevi hutokana na urithi. Nusu iliyobaki hutokana na malezi, mazingira, upatikanaji wa pombe na uamuzi wa mtu mwenyewe. Mtoto wa mlevi hakuandikiwa ulevi, ila anayo sababu ya ziada ya kujihadhari.

Tahadhari kuhusu gongo

Hakuna jeni inayomkinga mtu dhidi ya methanoli, ambayo huweza kuwamo katika gongo na vinywaji vingine visivyopimwa. Kimeng'enya kilekile cha ADH huigeuza methanoli kuwa sumu inayoweza kupofusha au kuua. Mtu aliyekunywa kisha akaona ukungu machoni, akaumwa tumbo sana au akahema kwa shida, apelekwe hospitali mara moja. Asiachwe alale ili pombe imtoke.

Mambo ya kuzingatia

1. Mwili ukikukataza, usijilazimishe, na usimlazimishe mwenzako, iwe harusini, ngomani au kilabuni. Dalili ya mvua ni mawingu.
2. Ukijiona hulewi upesi, hesabu chupa, usingoje hisia. Shirika la Afya Duniani lilieleza Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya.
3. Hakuna haja ya kipimo cha vinasaba ili kujitambua. Madaktari wa Japani hutumia maswali mawili: je, uso wako huwaka ukinywa kidogo? Je, uliwaka katika mwaka wa kwanza au wa pili ulipoanza kunywa? Jibu la ndiyo kwa lolote ni sababu ya kujiepusha.
4. Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake. Kutetemeka, kuweweseka na degedege vyaweza kumpata, na vyaweza kuua. Aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye, apewe ushauri na, ikibidi, rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya.
5. Familia inayolemewa na ulevi wa mmoja wao imwone Ofisa Ustawi wa Jamii kupitia ofisi ya kata.

Maswali ya kujadili katika vikundi na mikutano ya kijiji

1. Kwa nini asiyelewa haraka yumo katika hatari kubwa kuliko anayelewa haraka?
2. Ni desturi zipi za hapa kijijini zinazomlazimisha mtu kunywa, na ni nani mwenye uwezo wa kuzibadili?
3. Mzazi aliyewahi kuwa mlevi amweleze nini mwanawe, na katika umri gani?