Pampu Imetobolewa na Drili? Usikimbilie Kuchomelea

Mvua zikiisha, mkulima wa sukuma wiki na nyanya kando ya Mto Nzoia au Kuywa haponi bila pampu ya petroli. Tundu kwenye bodi ya pampu hiyo wakati mwingine haliletwi na kutu bali na drili: bolti imekatikia ndani, fundi anajaribu kuichimba, biti inateleza kwenye alumini iliyo laini kuliko bolti na kutokea kwenye chumba cha maji. Usinunue bodi mpya bado.

1. Jua tundu liko upande gani. Likiwa upande wa kusukuma maji, utaona maji yakiruka. Likiwa upande wa kuvuta, huoni kitu: hewa inaingia kimyakimya, injini inanguruma na maji hayapandi. Kitale inaumia zaidi hapa. Pwani hewa inaweza kuinua maji hadi mita 10 hivi kwa hesabu. Kitale, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ni kama mita 8 tu, na kwa kazi halisi hesabu 6 au pungufu. Bungoma iko chini zaidi, kwa hiyo ina nafuu kidogo.

2. Shika sumaku. Ikinasa, bodi ni chuma cha kusubu. Isiponasa, karibu hakika ni alumini.

3. Moto uwe wa mwisho. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi na haibadiliki rangi kukuonya. Unaona iko sawa, ghafla kipande kinadondoka. Inahitaji mashine ya gesi ya agoni na mkono uliozoea. Chuma cha kusubu nacho hupasuka kikipoa haraka. Welda anayekijua atakipasha moto kwanza, atatumia vijiti vya nikeli, kisha atakifukia kwenye jivu kipoe polepole. Asiyefanya hivyo, mnyime pampu yako.

4. Tundu la mviringo lizibe kwa bolti. Hii ndiyo dawa ninayoiamini kuliko zote. Tuseme biti ilikuwa ya milimita 8. Lipanue hadi 8.5, ukate nyuzi za bolti ya milimita 10. Kwa bolti ya milimita 8, tundu liwe 6.8. Fungua bodi kwanza, utoe impela. Paka grisi kwenye kikata nyuzi ili vumbi la chuma linase humo, zungusha nusu mzunguko mbele, robo nyuma, bila pupa. Ukuta wa milimita 5 utakupa nyuzi tatu au nne tu. Usiogope: pampu ya kuinua maji mita 30 husukuma tundu la milimita 8 kwa nguvu ya kilo moja na nusu hivi. Nyuzi hizo zinatosha, mradi uzipake gundi ya chuma kabla ya kukaza.

5. Bolti isichomoze ndani. Ikate isawazike na ukuta, ulainishe kwa tupa. Ikigusa impela, pampu itakwaruzika siku ya kwanza. Safisha kila chembe ya chuma kabla ya kufunga, kwani ikifika kwenye sili ya shafti utanunua sili pia.

6. Gundi ya mirija miwili inafaa kwa tundu dogo, ila iwekwe upande unaosukumwa. Upande wa kusukuma maji, ipake ndani, maji yenyewe yaibane ukutani. Upande wa kuvuta, ipake nje, hewa iibane. Watu wengi hupaka nje popote, kisha wanailaumu gundi. Piga msasa hadi metali ing'ae, osha kwa thina, maana gundi haishiki mafuta. Iache siku nzima, na usiku wa Kitale wenye baridi uongeze muda.

7. Jaribu kabla ya kuipeleka mtoni. Jaza maji, funga valvu ya kutoa, washa kwa dakika moja tu, kwani maji yaliyofungiwa hupata moto. Upande wa kuvuta, acha pampu ivute maji kawaida, kisha paka povu la sabuni juu ya kiraka: likivutwa ndani, hewa bado inapita.

8. Kuna tundu lisilofaa kuzibwa. Likiwa pale sili ya shafti inapokaa, au likiwa limetoa ufa unaotambaa, nunua bodi nyingine.

Nanyi mafundi wa Kitale na Bungoma, bolti ikikatika, pigeni alama katikati yake kwa sentapanchi na muanze na biti nyembamba. Biti haitateleza, na mkulima hatapoteza siku ya kumwagilia.