Printa ya picha za nyeusi na nyeupe

Swali: Naishi Endarasha. Nataka kuchapisha picha zangu za nyeusi na nyeupe nyumbani. Ninunue printa gani ya wino?

Jibu: Angalia wino kabla ya bei. Printa ya rangi nne hupata kijivu kwa kuchanganya rangi, na ukungu wa milima ya Nyandarua kwenye picha zako unaweza kutoka na ukijani au uzambarau. Epson L8050 ina rangi sita, lakini kijivu hakimo, idadi isikudanganye. L8180 inacho, na huchapa hadi A3+. SureColor P700 ni bora zaidi, ila katriji zake zitakumaliza mfuko. Chapisha ukurasa kila wiki wino usikauke kichwani mwa printa, na uizime kwa kitufe chake, si ukutani. Mimi ningenunua L8180.